Namba kwenye Injini ya Wendell

Yokosuka, 9 Machi 1991

Shangazi Verna,

Pokea salamu za kutoka bandarini huku Japani, ambako baridi inang'ata kama ya Muncie ila hawana pai ya kuisindikiza. Mimi sijambo. Meli ipo kwenye matengenezo na mchana kutwa tunakwangua kutu. Mjomba Harlan na goti lake wanaendeleaje? Mwambie soksi zilifika, na moja ni ndefu kuliko mwenzake.

Nakuandikia kwa sababu mara zote mbili nilipopiga simu ulinikatia. Barua haikatwi. Hata ukiichana utakuwa umeshaisoma.

Nataka kuuza Chevelle ya baba.

Nisikilize kwanza. Tangu tumzike Novemba, gari limekaa gerejini kwako linakula nafasi. Desemba namaliza kazi ya jeshi la majini, na nitahitaji gari la kuendesha kila siku, theluji iwepo isiwepo. Kuna Mustang za mwaka themanini na nane, zile za lita tano: nyepesi, gia tano, petroli inapulizwa na mtambo, hazina habari ya kabureta. Asubuhi ya Januari ukiwasha inaitika mara moja. Inakunywa karibu nusu ya inachokunywa ile Chevelle mlevi ya baba, ukikanyaga breki inasimama, na kwenye mbio za robo maili haioni haya mbele ya gari lolote la zamani. Kwa bei ya Chevelle moja nitanunua Mustang, matairi na bima ya mwaka mzima, na nitabakiwa na ya kula.

Yupo daktari wa meno wa Fort Wayne, Bwana Fenske, anakusanya magari ya zamani. Atakuja kuliona. Anachotaka ni kuhakikisha kwamba namba iliyogongwa kwenye injini ni ileile ya gari, yaani vilitoka kiwandani pamoja. Hiyo ndiyo inayopandisha bei. Kwa hiyo nakuomba, usiifungue injini, usiisugue, usiiguse. Mwache aangalie aondoke.

Mtoto wa kaka yako,
Denton


Muncie, Indiana, 28 Machi 1991

Denton,

Goti la mume wangu Harlan limevimba. Daktari kamwambia apunguze kula, naye amepunguza kwenda kwa daktari. Kanisani wameniweka tena kwenye kamati ya pai. Mvua haitaki kuacha. Hizo ndizo habari za hapa, na sasa nikuulize: una wazimu?

Baba yako hajatimiza nusu mwaka kaburini, wewe umeshampigia hesabu. Tena unampelekea nani? Daktari wa meno! Hao ndio walioharibu kila kitu. Petroli ilipopanda miaka ile ya sabini, watu waliyakimbia magari haya. Yalikuwa yanaozea uani kwa watu, na hapo ndipo mimi na kaka yangu Wendell tulipoinunua ile Chevelle, yeye kwa mshahara wake wa kiwandani na mimi kwa wangu. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya gari lile. Mtu asiye na kitu anakanyaga mafuta na barabara yote inamjua. Leo wenye nacho wanayafunika shuka, wanayazunguka na tochi, na hawayawashi.

Halafu unaniletea Mustang. Gia za Chevelle zilitengenezwa hapahapa mjini, kwenye kiwanda ambamo babu yako aliacha vidole viwili. Zikisumbua nazifungua mwenyewe nikiwa na gauni la kanisani. Mustang yako ikizima, utainua boneti uone waya na kisanduku cha kompyuta, halafu utasimama katikati ya mashamba ya mahindi unakitukana kisanduku mpaka polisi waje kukuokota. Breki, unasema. Mtu anayewaza kusimama kabla hajaondoka asije uwanja wa mbio kutupotezea muda.

Jibu langu ni hapana. Huyo mng'oa meno akija nitampa kahawa ya jana.

Shangazi yako,
Verna


Yokosuka, 20 Aprili 1991

Shangazi,

Poleni na goti na mvua. Huku miti imechanua, wenyeji wanatandika mikeka chini yake wanakula na kuimba. Mimi niko zamu.

Sikukuomba ruhusa. Gari ni langu, na hati ina jina langu. Baba alikuachia kulitunza, hakukuachia kulimiliki.

Na usinihubirie habari za mtu asiye na kitu. Unajua gari lile lilikuwa linakula nini? Jumamosi zangu. Mama alikuwa ananileta kutoka Ohio nije nikae na baba, na mimi nilikuwa nakaa na viatu vyake, maana mwili wote ulikuwa chini ya gari. Wewe ulikuwa Malkia wa Robo Maili, unapigwa picha na vikombe. Mimi nilipewa tambara. "Futa hapo, Denton. Siyo hapo. Hapo." Sikuwahi kulipenda, na sasa umelijua hilo. Nataka gari ambalo nikilifunga mlango jioni halinidai kitu.

Nguvu kwa bei ya mtu wa kawaida leo ni Mustang. Ya kwenu ilikuwa Chevelle, wakati wake umepita, madaktari wa meno wameununua. Kubali tu, Shangazi, haitakuua.

Fenske anakuja mwisho wa Mei. Mfungulie gereji. Na narudia: injini isiguswe.

Denton


Muncie, 3 Juni 1991

Denton,

Mahindi yameota vizuri. Harlan amepewa fimbo ya kutembelea, na badala ya kutembea anatuelekezea nayo kila kitu. Ahsante kwa kadi.

Fenske alikuja. Si mtu mbaya. Ana kioo kidogo chenye mpini, nadhani ndicho anachotumia kazini kwake. Aliinama kwenye injini, akapasugua pale mbele kwa mswaki, akamulika tochi, akasoma namba kwa sauti. Akaenda kwenye dashibodi akaisoma ya gari. Zikawa moja. Alifurahi mpaka akataka kunikumbatia. Nilimkatia pai, akala vipande viwili. Amesema Julai atarudi na mtaalamu wake wa namba, na hundi.

Nilikuwa na mengi ya kukujibu kuhusu Jumamosi zako. Sitaki kuyaandika leo, sijalala vizuri.

Verna


Baharini, 14 Agosti 1991

Shangazi,

Barua zilitufuata wiki nyingi, zimefika zote kwenye gunia moja, na niliyoanza kuifungua ni ya Fenske. Leo sina salamu.

Anasema Julai alirudi na mtaalamu wake, akakuta injini imefunguliwa na kufungwa upya. Pale penye namba pamenyolewa. Anasema umempelekea fundi wako wa mashine, Otis Blevins, bloku nzima, ule mwili wa injini, Otis akaulaza uso wa bloku kwenye mashine na namba ikaenda na vumbi la chuma. Mtaalamu alicheka. Fenske hakucheka, alirudisha hundi mfukoni. Ananiandikia kwa adabu kabisa kwamba bila namba hilo ni gari tu, na yeye magari tu anayo.

Nilikwambia usiiguse! Nilikwambia Machi, nikakwambia Aprili! Ni neno gani hapo lilikuwa gumu? Nimekaa mwaka mzima kwenye tumbo la meli, joto linanikaanga, nikijiambia angalau nikirudi kuna kitu cha kuanzia. Umekinyoa. Umekinyoa kama ndevu, mama mzima, na hukuona hata haja ya kunieleza mwenyewe. Nimejulishwa na daktari wa meno!

Nijibu.

Denton


Muncie, 2 Septemba 1991

Denton,

Harlan anakusalimu. Nyanya mwaka huu zimetushinda kula, nimezisindika kwenye mitungi mpaka rafu zimejaa.

Gasketi ilikuwa inavuja. Niliifungua injini, Otis akasema uso wa bloku umepinda, akaunyoosha kwa mashine. Namba nilisahau. Umri unakwenda, watu wanasahau.

Maneno yako nimeyapata yote, pamoja na lile ulilolifuta ukadhani halisomeki.

Kwa kuwa unapenda kulinganisha, haya, nilinganishie hili. Jumamosi niliitoa Chevelle nikashindana na Kip, kijana wa nyumba ya pili, ana Mustang ya lita tano kama hiyo unayoiota. Mara ya kwanza nilimwacha. Ya pili akaniacha, ya tatu akaniacha vibaya, maana yangu ilishachemka na matairi yanateleza, na yake inaondoka vilevile kila ikiambiwa. Akawasha redio akaendesha kwenda kwao. Mimi nilivutwa kwa kamba. Umefurahi?

Lakini jioni alikuja gerejini, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Mama Stoltz, naweza kukaa humo garini kidogo?" Nikamwambia akae. Nilipomwita kula hakutaka kutoka.

Verna


Yokosuka, 25 Septemba 1991

Shangazi,

Umesahau? Wewe? Wewe unayekumbuka kabureta ya gari ulilouza kabla sijazaliwa, na tundu zake zilikuwa za ukubwa gani? Hakuna mtu Indiana nzima aliyewahi kushika spana asiyejua kwamba ukinyoa uso wa bloku ile unanyoa na namba. Otis anajua. Otis lazima alikuuliza. Na wewe lazima ulimwambia anyoe.

Umefanya makusudi. Uliona huna njia ya kunizuia kuuza, ukaamua kuliharibu ili libaki kwako. Kwa lugha yangu huo ni wizi, na kumwibia mtoto wa kaka yako aliye mbali ni wizi wa kinyama. Sasa unalo. Shindana nalo, vutwa nalo kwa kamba, Malkia.

Baba angekuona angekuonea aibu.

Desemba nikishuka kwenye ndege sitapita kwako. Mwambie Mjomba Harlan yeye sina neno naye.

Denton


Muncie, 20 Oktoba 1991

Denton,

Harlan anakusalimu, kwa sababu barua yako hajaisoma. Nimeificha.

Ndiyo. Otis aliniuliza. "Verna, una hakika? Kuna namba hapa." Akaniuliza tena, na mara ya tatu akazima mashine akanitazama. Nikamwambia nyoa.

Unataka kujua kwa nini? Kaa chini basi, kama meli ina kiti. Mwaka wa sabini na nane mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani injini ilipopasuka. Konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, ilitoboa ubavu wa bloku ikatoka nje, mafuta ya moto yakanimwagikia mguuni. Lile kovu ulilokuwa unaniuliza ulipokuwa mdogo, nikakwambia ni pasi. Injini ile ilikufa, Denton. Niliiona kwa macho yangu ikipakiwa kwenye lori la vyuma chakavu. Wendell akanunua nyingine ya aina ileile kwa mtu wa mji wa Anderson, tukaifunga, tukaendelea na mbio.

Haya, wewe uliyesoma, niambie. Injini ya mtu wa Anderson ilipataje namba ya gari letu?

Fenske aliposoma ile namba kwa sauti, nilijua palepale. Yeye anashangilia, mimi namkatia pai. Kaka yangu aliifuta namba ya zamani akagonga mpya kwa nyundo, tarakimu moja baada ya nyingine, wakati anajua bei zimepanda na kwa nini zimepanda. Hakuniambia neno. Na mtaalamu anakuja Julai. Fenske ni mtu wa meno, lakini yule mwingine angeona. Jina la Wendell lingezunguka kila gereji mpaka Indianapolis, na wewe ungekuja kulisikia kwa watu baki. Nikaona afadhali unione mimi mjinga.

Ukaniona mjinga, nikanyamaza. Ukaniita mwizi, nikasema ngoja nilale kwanza. Lakini umeandika kwamba yeye angenionea aibu. Yeye! Mimi! Nimechoka kumbebea. Beba na wewe.

Verna


Yokosuka, 16 Novemba 1991

Shangazi,

Barua hii nimeiandika nikaitupa, nikaiandika tena nikaitupa. Sasa naandika lililopo.

Nilijua.

Baba aliniambia hospitali, ulipokuwa umeshuka kununua kahawa. Alinivuta kwa kola akasema, "Ile namba niliigonga mwenyewe. Ukiuza, mpe mtu asiyechungulia sana. Na Verna asijue, ataniona mwizi." Nikamwahidi. Ndiyo maana nilikuwa nakuimbia usiiguse, usiiguse. Niliogopa ukiisafisha utaona kitu.

Nilijiambia Fenske ana pesa, hataumia. Nilijiambia pia kwamba hiyo ni haki yangu, kwa zile Jumamosi. Siku ile ya konrodi sikuwepo na hakuna aliyenisimulia, kwa hiyo sikujua kwamba wewe ulikuwa na njia ya kujua. Nimekutukana miezi yote hii kwa kuficha kitu ambacho na mimi nilikuwa nakificha.

Nina aibu, na hasira pia haijanitoka. Sijui tena namkasirikia nani.

Denton


Muncie, 1 Desemba 1991

Denton,

Leo sina habari za nyumbani.

Kwa hiyo alikwambia wewe. Nilikaa kwenye kile kiti cha hospitali wiki kwa wiki, namkata kucha, namlisha supu, namsomea matokeo ya mbio, na niliposhuka kununua kahawa ndipo akapata sauti. Aliniogopa. Tumelala chini ya magari pamoja tangu mimi sijaolewa, na akaniogopa mimi. Nimekwenda gerejini nikaipiga ngumi ile boneti mpaka Harlan akaja na fimbo, "Mama, utavunja mkono." Ningependa nimvunje mtu. Namkasirikia maiti, Denton, na maiti hajibu, kwa hiyo utajibu wewe.

Ulikuwa tayari kumuuzia uongo mtu aliyekula pai yangu. Ungechukua hundi yake ukaenda kujinunulia Mustang, na mimi ungeniacha nimesimama mlangoni namtabasamia kama zuzu. Mimi nilificha ili mtu asitapeliwe na kaka yangu asitukanwe. Wewe ulificha ili ulipwe. Usije ukaniambia ni kitu kimoja.

Gari ni lako. Halina namba, kwa hiyo hakuna wa kulinunua kwa bei za kichaa, na hakuna atakayemdanganya mtu nalo tena. Limerudi kuwa rahisi kama siku tuliyolinunua, na bado linakimbia. Ukitaka kumpa Kip mpe, akalichakaze, ndiyo kazi yake.

Ila kabla hujakanyaga kwangu utakwenda Fort Wayne. Si kwa barua. Utabisha mlango wa Fenske, umtazame machoni, umwambie namba ile aliigonga nani na kwamba wewe ulijua. Ukimaliza, uje. Kama hujaenda, usije.

Verna


Muncie, 21 Desemba 1991

Shangazi,

Niko nje, ndani ya gari la kukodi. Barua hii naipitisha chini ya mlango kwa sababu nikikuona kwanza sitaweza kusema.

Nimetoka kwa Fenske. Alifungua mwenyewe, amevaa aproni, ndani kunanukia mdalasini. Nikamwambia palepale kwenye ngazi. Namba aliigonga baba. Mimi nilijua. Nilitaka nikuuzie hivyohivyo. Hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akaniuliza swali moja tu: "Baba yako alikuwa anawatengenezea injini watu wengi huku. Magari mengine aliyoyagonga namba ni mangapi?"

Shangazi, nikamjibu, "Hakuna. Ni hilo tu." Lilitoka lenyewe, hata sikupumua. Nimesafiri kutoka upande wa pili wa dunia kwenda kusema kweli, na sijashuka ngazi nimeshamkingia baba kifua kwa kitu nisichokijua. Fenske akanishukuru. Akanipa mkono. Nikaupokea.

Labda ni kweli, labda ni hilo tu. Njia nzima nimekuwa nikiwaza magari yaliyopita kwenye gereji ya baba, na nakumbuka viatu tu.

Wewe ulikuwa naye chini ya magari hayo. Kama unajua kuna mengine, usiniambie leo. Nifungulie, nipe chakula, nitukane mpaka uchoke. Uniambie kesho asubuhi, nami nitarudi Fort Wayne.

Denton